Mniachie Hood Yangu na Mapengo Yake

Jumapili nilituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda modeli. Picha ya kawaida tu: Hood yangu, manowari ya Waingereza ya plastiki ya kujiunganishia, ile ya kampuni ya Airfix ya kipimo cha 1/600, imelala juu ya gazeti, mbavu zimebanwa kwa rababendi, na kule omo, mbele ya meli, kuna pengo linalopitisha kadi ya NIDA bila kugusa kingo. Niliuliza nilizibe vipi. Jibu la kwanza, lililopigiwa dole gumba na watu kumi na moja, lilikuwa hili: "Kaka, tupa hiyo takataka ya enzi za Mwalimu. Agiza mpya. Ukishindwa, agiza seti ya shaba, vile vipande vyembamba vya kubandika juu ya plastiki, ufunike aibu."

Ufunike aibu! Nimekaa na maneno hayo tangu Jumapili, na leo ni Alhamisi.

Yasiyokanika sikani. Kalibu ya modeli hii ilichongwa miaka ya 1960 na umri unaonekana. Minyororo ya nanga imeumbwa palepale sitahani kama funza waliokauka. Mitutu ya mizinga haina tundu. Pengo la omo, ukilizidisha mara 600, linakaribia nusu mita. Meli halisi ingezama kabla ya kufunguliwa kamba. Boksi lenyewe nililipata Area D hapa Dodoma kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao. Nilikwenda kuangalia friji, nikarudi na manowari. Mama watoto hajanisamehe, na maji bado tunakunywa ya mtungi.

Lakini seti ya shaba! Bei yake, kabla ya usafiri na ushuru, ni mara tatu ya nilichotoa kwa meli nzima. Ukishalipa, kazi yako ni kukata, kukunja na kubandika pale karatasi inapokuelekeza. Kuna mtu huko aliko ambaye ndiye aliyekodolea picha za meli, akahesabu, akapima, akakosea, akarudia. Wewe umenunua macho yake. Halafu unakuja kundini na kifua mbele: "Nimeiboresha." Umeboresha nini, mheshimiwa? Mimi nimejengewa nyumba Nkuhungu, sijawahi kujiita fundi uashi.

Tena boksi likiwa zuri mno, hata meli yenyewe huitazami. Unatazama namba za vipande. Hili langu bovu limenitia adabu. Nilitaka Hood ya Januari 1924, ilipotia nanga Unguja katika ile safari ya kuzunguka dunia pamoja na manowari mwenzake Repulse. Nikadhani ni suala la rangi na bendera. Wapi! Hood ya 1924 na ile iliyozama 1941 ni kama wewe na picha ya kitambulisho chako cha sekondari. Ile iliyofika Unguja ilikuwa na mizinga 12 ya milimita 140, mmoja mmoja ubavuni, nyuma ya ngao tu, wapigaji wake migongo wazi kwa mvua na mawimbi. Mwaka 1940 ikang'olewa, nafasi ikachukuliwa na mizinga pacha inayoweza kulenga ndege. Sikufundishwa hayo na karatasi ya maelekezo. Nilikodolea picha moja ya zamani wiki mbili nzima, nikijiuliza ni vivuli gani vile ubavuni ambavyo kwenye plastiki yangu havipo.

Baada ya kujua, ikabidi niitengeneze. Mtutu wa mzinga ule ulikuwa kama mita 7, kwa hiyo kwangu ni milimita 12 hivi. Sindano ya insulini! Nilikwenda duka la dawa pale Majengo, dada wa kaunta akaniuliza kwa upole mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni meli. Akamwita mwenzake aje asikie. Ile mizinga mikubwa minane ya milimita 381 inataka tundu la milimita 0.6, nikanoa ncha ya sindano ya cherehani ikawa bapa, nikawa naizungusha kwa vidole, mtutu mmoja kwa jioni moja. Kamba za mlingotini ni waya wa jampa, ule mwembamba kama unywele wa mafundi simu. Fundi simu wa Jamatini alinikatia mita nzima bure, kwa sharti kwamba meli ikiisha aione kabla ya ninyi. Na lile pengo lenu? Nimechukua vile vijiti vinavyobaki ukishakata vipande, nikavilowesha kwenye thina ya rangi ya magari vikawa uji mzito, nikaziba. Ukipiga msasa huoni mshono. Meli imezibwa kwa plastiki yake yenyewe.

Haya, reli za pembeni. Hapo mmenishika. Reli ya mita moja kwenda juu ni milimita 1.7 tu kwenye kipimo hiki. Nimejaribu kwa waya, nikapata kitu kama zizi la mbuzi lililopigwa na upepo. Reli nitaagiza za shaba. Reli tu, na msinitangaze.

Kuna usiku mmoja sikuwaambia. Nilikuwa nakwangua sitaha kwa wembe, mkono ukateleza, plastiki ikatoboka karibu na mlingoti wa nyuma. Nikatukana, kama kawaida. Halafu nikakumbuka. Tarehe 24 Mei 1941 walioshuhudia waliona ulimi wa moto ukipanda karibu na mlingoti huohuo, na dakika chache baadaye hapakuwa na meli. Ndani walikuwamo watu 1,418. Walipona watatu. Mpango wa meli ile ulichorwa kabla ya vita ya baharini ya Jutland ya 1916. Wakaongeza chuma baadaye, lakini sitaha iliendelea kulalamikiwa kwamba ni nyembamba. Niliweka wembe chini, nikazima taa, sikuigusa siku tatu. Sidhani kama ningekuwa na usiku ule kama kazi yangu ingekuwa kubandika kipande namba 47 juu ya kipande namba 46.

Shemeji yangu naye ana shauri lake. Yeye ni Mgogo wa hapahapa, mimi wa Tanga niliyeletwa Dodoma na serikali ilipohama, basi kunitania ni haki yake. "Shemeji, umri huu unamtengenezea mkoloni meli?" Nakubali, kwa shingo upande: ile ziara ya 1924 ilikuwa ya kutuonyesha ubabe, na Unguja walikuwa wameshaonja mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita ikaisha kabla ya saa moja kutimia. Lakini mwaka 1924 ilikuja na mita 262 zake, watu wakaitazama kutoka chini. Sasa ina sentimita 44 na imefunikwa beseni la kufulia kila ninapopaka rangi, maana vumbi la mji huu halisubiri rangi ikauke.

Shemeji hakuishia hapo. "Mji wenyewe Idodomya, imezama. Ndovu alizama hapa akija kunywa maji, wewe unaleta meli?" Nikamwambia imefika kwao. Hood ilikuwa nzito kupita hesabu za awali, tezi, yaani nyuma ya meli, ikawa chini mno hata bahari ikichafuka kidogo maji yanapanda sitahani, na mabaharia wakaitania kuwa ndiyo nyambizi kubwa kuliko zote. Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye maelekezo. Sikuyahitaji.

Hali ilivyo leo: upande wa kulia mizinga sita imeshakaa. Wa kushoto nimekwama, kwani kwenye picha pekee niliyonayo mashua zimejazana mbele ya ubavu na sioni nyuma ya ngao kuna nini. Kama kwenu Unguja au Tanga kuna albamu ya babu yenye meli kubwa yenye dohani mbili, piga picha hata ikiwa imefifia, unitumie. Wa seti ya shaba msinitumie kitu.