Pinki ya Hamburg si pinki ya Tanga

Kila nikituma nyumbani picha ya sebule yangu hapa Hamburg, dada zangu wa Tanga wanauliza jina la rangi ya ukutani. Ni pinki iliyopauka, kama maziwa yaliyotiwa tone la sharubati ya rozi. Naipenda kwa dhati, na anayesema ni rangi ya wasichana aje akae humu mwezi mmoja wa baridi. Lakini Tanga siwashauri waipake kama ilivyo, kwa sababu ya jua.

Desemba hapa jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi jioni linazama. Mwanga unaoingia kwa dirisha la kaskazini ni wa kibuluu. Ukuta mweupe hugeuka kijivu, na mtu wa pwani hujihisi mgonjwa bila ugonjwa. Wekundu mdogo wa pinki hii unakirudishia chumba joto.

Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Mwanga wa adhuhuri ukiruka kutoka uani na kuingia sebuleni, unaifuta pinki hafifu hadi ukuta unafanana na mweupe uliochakaa. Kama dirishani pana mwembe, ukijani wa majani unaangukia ukutani, na pinki inafubaa.

Usiku ni taa. Huku majumbani wengi hutumia balbu za mwanga wa manjano, kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Kwetu tumezoea zile nyeupe kali za kelvini 6500, na chini yake pinki yangu hugeuka zambarau ya baridi. Kwa hiyo dada, kabla ya ndoo ya rangi nunua balbu, uikalie jioni chache.

Jambo moja nalitamani sana la kwetu: fundi rangi. Anachanganya mbele yako, anapaka kipande, mnakitazama asubuhi, mnakitazama jioni, unamwambia aongeze au apunguze. Huku fundi ni ghali, hivyo wengi tunapaka wenyewe. Mpangaji anaweza kuchagua rangi akiwa anaishi humo, ila mwaka 2013 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba aliyekabidhiwa nyumba yenye rangi tulivu akairudisha na kuta za rangi kali anaweza kudaiwa fidia. Si ajabu nyumba nyingi za kupanga ni nyeupe tupu, na watu wanaziacha hivyo miaka na miaka. Hilo linanisikitisha.

Pwani tuna pia chokaa, na naona tumeidharau mno. Ukuta unaovuta unyevu na chumvi ukiuziba kwa rangi ya plastiki, rangi inabambuka. Chokaa huacha unyevu utoke, ndiyo maana nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilipakwa hiyo. Ukiitia udongo mwekundu kidogo unapata pinki ya kweli, na wekundu wa udongo ule ni wa chuma: haupauki juani wala hauliwi na chokaa.

Kwa nyumba ya mama ningependa chumba cha nyuma, kinachotazama kusini, kipakwe hiyo, ikolee kushinda yangu. Sebule ya mbele ibaki chokaa nyeupe.