Tukiosha Nitakulipa

Hapa machimboni wanatuita "waanzilishi". Sifa hailiki! Ni kweli, rashi, zile mbio za watu kukimbilia dhahabu, ilipoanza huku kwetu Geita, baa ya kwanza haijapata hata bati, sisi tulishatandaza panadol mezani chini ya turubai. Mke wangu ndiye aliyesomea utoaji dawa, na cheti chake kinaning'inia hapo kwenye duka letu la dawa. Mimi ni mlinzi, mchota maji na msemaji wa "hatukopeshi".

Nani ananisikia? Mji mzima matajiri wa kesho. Mtu malaria imempanda, anatetemeka kama karasha, ile mashine ya kusaga mawe, umeshampa mseto, ukitaja bei anakutazama kwa huruma: "Mzee, tuko kwenye jiwe. Tukiosha nitakulipa." Jiwe lenyewe, la kusagwa na kuoshwa litoe dhahabu, bado liko chini ya duara, shimoni, hata yeye hajaliona! Na huyohuyo wiki iliyopita kampelekea mganga mbuzi ili mwamba ufunguke. Mganga hana daftari la madeni. Daftari tunalo sisi wenye leseni.

Halafu kuna watu wa sindano. "Nidunge, vidonge mwilini mwangu havifanyi kazi." Namweleza duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano, mkaguzi akitukuta tumefungiwa. Ananuna, anaondoka na panadol ya mkopo. Mwingine anachomea dhahabu yenye zebaki kwenye jiko lilelile la ugali, moshi wote kifuani kwake na kwa wanawe, kisha anataka dawa ya kichwa. Mke wangu akimwambia aende kituo cha afya, eti tunamnyima.

Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, nilifurahi kuliko wachimbaji. Nikasema bei imenyooka, sasa watakumbuka daftari. Walikumbuka bia. Mmoja aliuza vizuri, akapita mbele ya duka na bodaboda mpya, akanipigia honi kabisa. Asubuhi huyo dirishani, macho mekundu: "Shemeji, kichwa kinanigonga. Niandikie mbili."

Sasa juzi zimeingia habari kwamba kumetema dhahabu upande wa Chunya, huko walikoanza kuchimba tangu enzi za Mwingereza. Usiku kucha malori yananguruma. Kumekucha, nusu ya daftari langu haimo mjini! Niko kizingitini nimeshika tama, nasikia nyuma mtu anakung'uta turubai.

"Mama, unafanya nini?"

"Baba watoto, wadeni wetu wameshafika, wiki ijayo wanaosha. Shika huo mguu wa meza."