Punda Hakufungwa Kikoi Machoni

Vitabu vya hisabati vimejaa mifuko. Mfuko una mipira mitano myekundu na mitatu ya buluu, umewekwa mahali, haujulikani wa nani, na hapapiti mtu wala mnyama. Aliyetunga maswali hayo hajawahi kukaa barazani Lamu baada ya alasiri.

Mimi nafundisha hisabati bara, na Desemba nikirudi kwetu Langoni, kupumzika huwa sipumzishwi. Safari hii mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja na wenzake wawili na daftari lililoandikwa UWEZEKANO kwa kalamu nyekundu. Chini ya neno hilo hamna kitu, kurasa nyeupe pe. Nikawakalisha barazani, nikatoa dadu mbili za ludo.

Tulianza vizuri. Dadu moja ina nyuso sita. Ukirusha mbili, matokeo ni 36. Jumla ya 7 ina njia sita: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, halafu uzigeuze. Sita juu ya 36, yaani moja juu ya sita. Jumla ya 12 ina njia moja tu. Mpwa wangu akagoma: jumla ziko kumi na moja, kutoka 2 hadi 12, mbona kila moja isipate fungu lake sawa? Nikamwambia mambo yakiwa kumi na moja si lazima yawe na uzito mmoja. Kesho mvua ama itanyesha ama haitanyesha, lakini nenda kamwambie nahodha wa Lamu, kaskazi ya Januari ikivuma, kwamba mvua ni nusu kwa nusu. Atakucheka mpaka ajishike mbavu.

Hapo nikanogewa, nikaingia kwenye historia. Mwaka 1654, nikasema, Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu mchezo uliokatizwa kabla haujaisha: pesa zilizowekwa zigawanywe vipi? Na aliyeleta swali alikuwa mpenda kamari...

"Kamari?"

Mama yangu ukimwita mara tatu kwa jina lake haitiki. Neno hilo alilisikia akiwa jikoni, kupita kuta mbili za mawe ya matumbawe. Akatokeza na mwiko unachuruzika mchuzi wa nazi.

"Mwalimu mzima! Watu wapita hapa kwenda msikitini, wewe wafunza watoto wa watu kamari mlangoni pangu!"

Pascal hakupata nafasi ya kujitetea. Dadu zikaingia kwenye fundo la leso pale anapofunga pesa za samaki, na kitu kikishaingia fundo hilo hakitoki bila kikao cha ukoo. Baada ya kubembelezwa sana akalainika, akaleta kikapu cha maembe aliyowawekea wageni: ngowe sita, boribo manne.

"Hesabuni kitu cha halali. Natoa kumi, nataka kumi."

Nikamfunga mpwa wangu kikoi machoni. Uwezekano wa kutoa ngowe ni 6 juu ya 10. Ukilitoa usilirudishe, yamebaki tisa na ngowe ni tano, kwa hiyo ngowe mbili mfululizo ni 6/10 mara 5/9, theluthi moja. Kijana akatia mkono: ngowe. Tena: ngowe. La tatu ngowe, la nne ngowe! Nne mfululizo ni moja juu ya 14. Si muujiza, lakini alikuwa anacheka chini ya kikoi.

"Mjomba, ngowe ina mdomo kwenye ncha. Naushika tu."

Naam. Hesabu yote ile inataka kila embe liwe na nafasi sawa na jenzake, na vidole havijui adabu hiyo. Tukayarudisha yote kikapuni, nikainama kuwakatia vikaratasi vya kupigia kura badala yake. Nikasikia kikapu kinasuguana na sakafu.

Punda watatu wenye shogi za mchanga walikuwa wamesimama kichochoroni, hawana mchunga. Mmoja kichwa chake kilikuwa ndani ya kikapu hadi masikioni. Alipokitoa, maji ya embe yalimtiririka kidevuni, akatafuna taratibu akinitazama, kama mtu aliyealikwa.

Mwenzake mpwa wangu, yule mkimya, akafunika kikapu upesi kwa kikoi. "Mwalimu, usichungulie! Hatujui kala yapi. Je, nikitoa embe sasa, ngowe si bado ni 6 juu ya 10?"

Wallahi nilitaka kumkumbatia. Ndivyo hasa! Punda akichukua bila kuchagua, na sisi tusijue kachukua nini, ni kama amepewa zamu ya kwanza tu. Zamu ya nani imetangulia haigeuzi hesabu.

"Lakini punda hakufungwa kikoi machoni," akasema wa tatu.

Tulipokuwa tukibishana hilo, punda akaongeza jingine.

Mama akatoka, akahesabu: saba. Mwenye punda naye akawasili, ametulia, mswaki mdomoni.

"Somo lenu nimelisikia tangu kona ile," akasema. "Punda watatu, mkosaji mmoja hajulikani. Wangu ni mmoja, wawili wa ndugu yangu yuko Shela. Nalipa theluthi."

Mpwa wangu akanyosha kidole kama yuko darasani. "Ami, habari mpya ikija hesabu hubadilika. Mmoja mdomo wake una manjano."

Yule bwana akawatazama punda wote watatu. Akasogea kwa yule wa katikati, akakamata ncha ya shati lake, akampangusa mdomo vizuri, huku na huku, mpaka ukakauka.

"Yupi?" akauliza.

"Huyo," akasema mama. "Mtu hapangusi punda wa mwenziwe kwa shati lake."

Kulipa alilipa, tena yote matatu. Kuondoka ndiko kulikuwa na kazi: punda alikita miguu mbele ya mlango wetu, macho kikapuni, na mchanga ulikuwa unangojewa na mafundi Mkomani.