Gabe hakujui, na Tim naye hakujui

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la wacheza gemu kuna dogo aliweka taarifa kwamba Epic, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanagawa gemu bure, watu wawahi kabla ya Alhamisi. Dogo wa watu hakuwa anauza kitu wala kuomba kitu. Jibu la kwanza: "Peleka takataka zako huko." La pili: "Bora nilipie Steam kuliko kupewa bure na hao wahuni." La tatu siliandiki maana mama yangu huwa anapita hapa kusoma. Jioni ilipofika dogo alikuwa ameshajitoa kwenye grupu, na mashujaa wetu wakapongezana kwa kulinda mipaka.

Huyo wa "bora nilipie" namfahamu. Kila mwisho wa mwezi anaomba watu wamtumie bando.

Nimejaribu kulimeza, limenikwama. Mtu mzima, mkazi wa Tabata, anamtukana mtoto wa mwenzake ili kutetea faida ya Valve ya Bellevue, Washington, wenye duka la Steam, dhidi ya Epic ya Cary, North Carolina. Gabe Newell wa Valve mwaka 2025 alinunua kampuni nzima inayounda boti za kifahari. Sio boti, jamani, kiwanda cha boti. Tim Sweeney wa Epic anamiliki maelfu ya ekari za misitu. Hawa ndio tunaowapigania, tena kwa bando la kuazima.

Tuliokuwepo tunakumbuka vizuri ugomvi ulivyoanza. Epic walifungua duka Desemba 2018, wakatangaza kuwa watakata asilimia 12 tu ya mauzo wakati Steam walikuwa wanakata 30. Watengenezaji wakashangilia. Kisha Epic wakaanza kununua haki za kuuza gemu peke yao. Januari 2019, wiki chache kabla ya kutoka, Metro Exodus ikaondolewa Steam ikapelekwa Epic kwa mwaka mzima. Watu wakaenda kuzimwagia hakiki mbaya gemu za zamani za Metro, ambazo hazikuwa na kosa lolote. Borderlands 3 ikafuata njia hiyo hiyo. Agosti mwaka huo ikafika zamu ya Ooblets, kigemu cha kulima na kucheza dansi kilichotengenezwa na watu wawili. Walipotangaza kuwa wamekubali fedha za Epic ili wawe na uhakika wa kula, walitukanwa na kutishiwa kwa maelfu ya jumbe. Kosa lao ni duka. Gemu yenyewe ilikuwa haijatoka hata.

Haya, nikiri kidogo, ingawa meno yananiuma. Duka la Epic lilikuwa bovu. Lilikaa miaka mitatu bila kikapu cha manunuzi. Kikapu kilikuja Desemba 2021. Kampuni yenye fedha za gemu yao ya Fortnite inashindwa kuweka kikapu! Ilikuwa rahisi kwao kumlipa mtu asiuze kwa jirani kuliko kufagia duka lao. Na ile asilimia 12 mteja aliionja mara chache sana. Metro Exodus ilishushwa dola 10 kule Marekani, lakini gemu nyingi zilizofuata zilibaki na bei ile ile, tofauti ikaingia mifuko mingine.

Steam nao wana mazuri yao na sitayaficha. Tangu 2015 unarudishiwa pesa usipozidisha saa mbili za kucheza ndani ya siku 14. Wamefanya kazi kubwa kwenye Linux. Na mwaka 2023 walileta kitu ambacho kwa mtu wa huku ni baraka: kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa mtandao wa ndani, bila kupakua upya. Mwenzako akishashusha ile ya GB 100 kwa intaneti ya ofisini (bosi wake asijue), wengine mnaenda na laptopu zenu, mnaunganisha, mnanakili, mnapiga na pilau. Aliyebuni hilo sijui kama aliwahi kununua bando, lakini alituwaza.

Lakini msinifanyie kama Steam ilizaliwa ikipendwa. Half-Life 2 ilipotoka Novemba 2004 ikamlazimu hata aliyenunua diski kufungua akaunti ya Steam na kuingia intaneti, watu walilaani kwa lugha zote. Waliiona ni mvamizi aliyekuja kusimama kati ya mtu na gemu yake. Soma malalamiko ya wakati ule, weka "Epic" palipoandikwa "Steam", utadhani yameandikwa jana na yule jamaa wa Tabata.

Sasa nije kwenye kinachonichoma.

Muulize yeyote kwa nini ni mtu wa Steam. Akimaliza kusifia duka na ofa za kiangazi, mwisho atakwambia: "Gemu zangu zote ziko huko." Hapo ndipo ukweli ulipo. Hajabaki kwa mapenzi. Amebaki kwa sababu hana pa kwenda nazo. Akihama, anaacha miaka kumi ya manunuzi, marafiki, beji na seva alizozizoea. Halafu hali hiyo ya kushikwa shati tunaipamba, tunaiita uaminifu, tunaitungia vichekesho na kumwita Gabe mzee wetu.

Na ukizichunguza hizo "gemu zangu" unakuta hata si zako. Septemba 2024 jimbo la California lilipitisha sheria inayozuia maduka ya kidijitali kumwambia mteja "nunua" bila kumweleza kuwa anapata leseni tu. Mwezi uliofuata Steam wakaweka tangazo dogo kwenye ukurasa wa kulipia: unachonunua ni leseni ya bidhaa. Watu walishtuka kana kwamba ni habari mpya, kumbe ilikuwa kwenye masharti tangu zamani, yale tunayobofya "nakubali" bila kusoma. Mwaka huo huo mtu aliwauliza Steam kama anaweza kumwachia mtu akaunti yake kwa wosia. Jibu lilikuwa hapana, akaunti haihamishiki. Baba yako anaweza kukuachia kiwanja chenye kesi tatu mahakamani, lakini hawezi kukuachia Age of Empires yake.

Gemu ya magari ya The Crew mnaikumbuka? Ubisoft, wenye gemu hiyo, waliiuza tangu 2014, wakazima seva zake mwisho wa Machi 2024, kisha wakaanza kuifuta kwenye akaunti za watu waliolipa. Hata sehemu ya kucheza peke yako ilikuwa inategemea seva hizo. Mchezaji na mwanayutubu Ross Scott ndipo akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na Wazungu zaidi ya milioni moja wakatia saini kuitaka Ulaya ilitazame jambo hilo. Hawa ndio wateja ninaowaelewa. Hawakuuliza gemu ilinunuliwa duka gani.

Nitawapa mfano wa laini za simu, maana huo kila mtu anauelewa. Kenya tangu 2011, na hapa kwetu Tanzania tangu 2017, mteja ana haki ya kuhama mtandao na namba yake. Mmoja akikuchosha unahamia kwa mwingine, na shangazi kijijini anaendelea kukupata kwenye namba ile ile. Ndiyo, waliohama si wengi kihivyo. Lakini haki ipo, na kampuni zinajua ipo. Kwenye gemu hakuna mdhibiti aliyewahi kuwalazimisha, na maduka yenyewe yanashindana kwa kila kitu isipokuwa hicho. Watagawa gemu bure. Nyaraka za kesi ya Epic na Apple zilionyesha kuwa Epic walitumia zaidi ya dola milioni 11 kwa gemu za bure za miezi tisa ya mwanzo tu. Watakata bei asilimia 90. Lakini kumwambia mteja "ulichonunua kwa jirani njoo nacho hapa", thubutu!

Msiniambie haiwezekani kiufundi. GOG, duka jingine la gemu, waliwahi kufanya. Mwaka 2016 walianzisha mpango wa kuunganisha akaunti yako ya Steam, na kwa gemu walizokubaliana na watengenezaji wake, wakakupa nakala GOG bila kulipa tena. Baadaye wakauua kimya kimya. Bethesda nao, watengenezaji wa gemu, walipofunga duka lao mwaka 2022 waliwaruhusu wateja kuhamishia gemu zao Steam, na nyingine hata maendeleo yao ya kucheza yalihama nazo. Kumbe inawezekana! Inawezekana duka linapokufa. Duka likiwa hai mteja ni wa kufungiwa ndani.

Na wenye kufungiwa wamesababisha hata wakubwa warudi Steam wakiwa wamenywea. EA walijitenga mwaka 2011 na duka lao la Origin, 2019 wakarudi Steam. Ubisoft wakahama kwa mbwembwe 2019, mwisho wa 2022 wakarudi na Assassin's Creed Valhalla mkononi. Mashabiki wakasherehekea ushindi. Ushindi wa nani? Bei haikushuka. Na ukiinunua hiyo Valhalla Steam, bado inakufungulia programu ya Ubisoft na kukudai akaunti ya pili.

GOG wenyewe ninawapenda, nitasema tu. Unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako ya nje, na siku wakifilisika gemu inaendelea kufunguka. Lakini nao tusiwafanye malaika: gemu nyingi kubwa mpya hazifiki kwao, au zinafika zikiwa zimeshazeeka.

Turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo huu uaminifu unapogeuka kichekesho. Steam wana bei ya randi kwa Afrika Kusini. Novemba 2023 walipoondoa sarafu za Uturuki na Argentina, waliunda kanda mbili za dola zenye bei iliyopunguzwa, moja ya Amerika ya Kilatini na nyingine ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Oman imo. Kwa hiyo binamu yangu wa Muscat, anayeendesha Land Cruiser, kwa gemu ambazo watengenezaji wamekubali bei ya kanda hiyo analipa pungufu kuliko mimi ninayepanda daladala. Mimi wa Dar nalipa dola kamili kama mtu wa New York. Gemu ya dola 70, hata dola tukiihesabu kwa shilingi 2,500 tu, ni 175,000. Shilingi yetu haimo, ya Kenya haimo. Ndiyo maana nusu ya grupu wananunua vocha kwa watu wa kati wanaoongeza chao juu, na ukitapeliwa huna wa kumlilia.

Halafu Mei 2024 Sony wakataka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, huduma ambayo Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha yake. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170, zetu zikiwemo. Na sharti liliwakuta watu waliokuwa wameshalipa! Wachezaji wa dunia nzima wakawamiminia Sony hakiki mbaya zaidi ya laki mbili, na ndani ya siku chache Sony wakaachana na sharti hilo. Kizuizi cha kuuza kwetu kiliendelea kwa zaidi ya mwaka, maana kelele zilishapoa na sisi si soko la kumkosesha mtu usingizi.

Hakiki laki mbili. Nguvu ile ile iliyotumika kuwatukana watu wawili wa kigemu cha kulima ilipoelekezwa kwa anayestahili, iliipigisha magoti Sony. Grupu letu lina watu wa kutosha kuandika kila wiki kwa Valve na kwa Epic kudai bei ya shilingi na malipo ya simu moja kwa moja. Hakuna aliyewahi kupendekeza. Tumeshughulika kumfukuza dogo.

Kwa wanaoniuliza mimi ni wa wapi: naanza kuangalia kama GOG wanayo. Kama hawana, naisubiri Steam kwenye punguzo, sinunui bei ya siku ya kwanza. Epic nachukua kila cha bure kila Alhamisi, na sijawahi kuwalipa hata senti. Programu zote tatu ziko kwenye kompyuta moja na hazijapigana. Na kwa yule aliyeniandikia kwamba nitajaza diski bure, zote tatu kwa pamoja hazifikii sasisho moja la Call of Duty.