Dola Zilizopakwa Mafuta

Kwa kuwa shemasi amekwisha kuitembeza habari hii soko zima la Mbuyuni, na kwa kuwa jana muuza ndizi nisiyemfahamu aliniuliza kama ni kweli nilimwimbia mwasi pambio, nimeona niisimulie mwenyewe kabla haijawafikia wakwe zangu kule Machame.

Safari yenyewe mnaijua: kanisa lilitutuma, mimi na shemasi, Goma, mashariki mwa Kongo, tukanunue vitenge, ili faida yake imalizie mabati ya kanisa. Majirani waliuliza kwa nini tusingoje, maana mji ule uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025, na benki na uwanja wa ndege vimefungwa. Sisi tukawajibu kwamba katika mkesha ilionekana wazi kuwa mlango umefunguka upande wa magharibi. Kwa kuwa benki hazikuwapo, ilitulazimu kubeba dola taslimu, na wafanyabiashara wa njia ile walitutahadharisha kwamba Mkongomani haipokei noti yenye mchaniko hata kidogo, wala yenye doa. Nilizitunza noti zile mpya kuliko nilivyowahi kukitunza cheti changu cha ndoa. Basi Jumapili ya kutuaga, mchungaji akaziita madhabahuni, akaomba kwa nguvu, na kwa kuwa kichupa cha mafuta kilikuwa kimejaa, upako ukawa mwingi. Nani angemzuia? Nikazilaza ndani ya Biblia, kwenye Zaburi ya 91, tukapita Rusumo na Kigali hadi Gisenyi, tukavuka mpaka kwa miguu.

Mambo yaliharibikia Birere, mtaa wa Goma ulio karibu kabisa na mpaka. Mama wa vitenge alikuwa amekwisha kutufungia mzigo, na shemasi alikuwa amekwisha kuukalia. Nikafungua Biblia. Noti ya kwanza haikutoka. Nikaivuta kwa ncha za kucha, nayo ikaja taratibu, ikiwa imebandua kipande cha zaburi na kukibandika juu ya paji la uso la Benjamin Franklin. Mama akaiinua juani; mafuta yalikuwa yameilainisha hata nikaviona vidole vyake upande wa pili. "Papa," akaniuliza kwa upole, "hii dola muliipika?" Akampa jirani yake, jirani akainusa na kumpa mwenzake, na kila aliyeinusa alikuwa na maoni kuhusu kilichokaangwa. Wengine walisema samaki. Vicheko vile ndivyo vilivyomleta kijana mwenye bunduki.

Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Aliichukua noti, akakiona kile kipande cha karatasi, akaanza kukisoma polepole huku kidole chake kikifuata herufi moja baada ya nyingine. Mnaoijua zaburi ile mnakumbuka kwamba kuna mahali watu elfu wanaanguka ubavuni mwako, na kumi elfu mkono wako wa kuume. Kati ya mistari yote ya Maandiko Matakatifu, huo ndio uliokuwa umebanduka. Kidole kikafika mwisho, kikarudi mwanzo, kikasoma tena.

"Elfu gani hao wataanguka, muzee?"

Nilikuwa bado natafuta jibu alipoongeza: "Na wewe ni wa wapi?"

Hebu jiwekeni mahali pangu. Mwaka 2013 M23 walifurushwa kwa msaada wa kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi. Goma ilipoanguka mwaka 2025, wanajeshi wa nchi hizo hizo tatu walikuwako tena, safari hiyo chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Mimi niliyefeli historia shuleni, siku ile ilinijia yote, pamoja na miaka yake. Nikageuka ili shemasi anisaidie, nikamkuta amekwisha kusimama kando ya mzigo, akiwaeleza watu kwamba sisi tulikutana kwenye basi tu. Petro angalau alisubiri aulizwe.

Mikono ikanilegea, Biblia ikaanguka, dola zikatawanyika. Kwa hiyo, ndiyo, nilipiga magoti, lakini nilikuwa naokota fedha za kanisa. Kuhusu pambio, ulikuwa ubeti mmoja tu, na ulinitoka wenyewe.

Kijana alisikiliza hadi kiitikio, akanirudishia noti, akaenda zake. Mvunja fedha mmoja alizichukua noti zote kwa bei ya kusikitisha, tukapata robo ya mzigo, tukarudi Moshi bila kuzungumza. Mweka hazina ameliandika pengo lile daftarini kama "gharama za upako", mchungaji amekataa kutia sahihi, na suala limepelekwa kwenye kikao cha Jumamosi, ambacho mwenyekiti wake ni shemasi.