Ukisikia Ebola, uliza kwanza: ipi?

Septemba 2022, Uganda ilipotangaza Ebola wilayani Mubende, simu yangu haikutulia. Mimi ni mtu wa Bukoba. Kwetu Uganda ni mpakani Mutukula tu hapo, ni basi la alfajiri, ni shemeji aliyeolewa Masaka. Siku mbili hazikupita, kwenye grupu la familia ikaingia sauti ya mwanamume asiyejitaja jina, anaongea taratibu kama daktari: "Msihangaike jamani, chanjo ya Ebola ipo, Kongo walichanjwa na ugonjwa ukaisha." Shangazi yangu, ambaye huvuka mpaka kila mwezi kufuata vitenge, akaandika, "Mungu ni mwema," akaendelea kupanga safari yake.

Kilichonitesa ni kwamba yule bwana hakuwa amedanganya. Chanjo ipo kweli. Inaitwa Ervebo, na katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020 walichanjwa watu zaidi ya laki tatu. Lakini chanjo hiyo ni ya Ebola ya Zaire. Ya Mubende ilikuwa Ebola ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa hata moja. Nilimpigia shangazi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuna chombo chochote cha habari nilichokisikiliza wiki ile kilichojisumbua kulijibu: "Kwani Ebola ziko ngapi?"

Zilizotambuliwa ni sita, na mbili za kwanza zilijitokeza mwaka mmoja, 1976. Moja, ya Sudan, ilianzia Nzara, kusini mwa Sudan ya wakati ule. Nyingine, ya Zaire, ilizuka Yambuku, katika Zaire ambayo leo ni Kongo, kwenye hospitali ya misheni ambako kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu, zikatumika kwa wagonjwa wote wa siku hiyo. Profesa Jean-Jacques Muyembe, wakati ule daktari kijana kutoka Kinshasa, alifika kijijini hapo na kutoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu hazikuwepo. Kwa bahati hakuambukizwa. Ugonjwa ukapewa jina la mto Ebola, ili watu wa Yambuku wasibebeshwe aibu ya jina milele. Kati ya wagonjwa 318 wa mlipuko ule walikufa 280. Nzara na jirani zake waliugua 284, wakafa 151. Hata hesabu hizo za mwanzo zinaonyesha kuwa tuna magonjwa mawili ndani ya jina moja.

Aina ya tatu ya kutuhusu sisi ni Bundibugyo, iliyoitwa kwa jina la wilaya ya magharibi mwa Uganda ilikogundulika 2007. Zilizobaki sitawachosha nazo: ya Taï, Côte d'Ivoire, iliyompata mtafiti mmoja mwaka 1994 naye akapona, ya Reston, iliyoua nyani wa maabara Marekani lakini haijamuuguza binadamu, na ya Bombali, iliyokutwa kwa popo wa Sierra Leone.

Kwa hiyo nasema bila kupepesa macho: mwandishi wa habari anayetangaza "Ebola yazuka" asitaje ni aina gani, habari hajaimaliza. Dawa mbili zilizothibitishwa kwa majaribio ya Kongo, mojawapo ikitokana na kinga ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995, nazo ni za Zaire tu. Mgonjwa wa Mubende hakuwa na la kutegemea zaidi ya maji ya dripu, uangalizi wa karibu na kuwahi hospitali. Uganda ilithibitisha wagonjwa 142, vifo 55, na chanjo za majaribio zilipotua Desemba, wagonjwa wapya walikuwa wamekwisha.

Tangu siku ile nina utaratibu wangu. Naanza na tangazo la wizara ya afya ya nchi yenyewe, kisha taarifa za milipuko za Shirika la Afya Duniani, kisha Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa. Natafuta mambo matatu: tarehe, aina ya kirusi, na maabara iliyopima. Uganda kipimo husomwa na taasisi ya virusi ya Entebbe, Kongo na INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, aliyoiongoza Muyembe kwa miaka mingi. Kwa Tanzania kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, na ni bure. Nyingi ya taarifa hizi ziko kwa Kiingereza na Kifaransa, na hilo linaniuma. Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini, watu wanaongea Kiswahili. Desemba 2018 walipoambiwa kura zao zimeahirishwa kwa sababu ya Ebola, huku masoko na makanisa yakiwa wazi, wengi waliamini ugonjwa wenyewe ni siasa. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Nani angewalaumu kwa kuuliza, ilhali watu wa kuwajibu kwa lugha yao walikuwa wachache?

Machi 2023 zamu ikawa yetu. Kagera watu walikuwa wakifa kwa homa na kutapika, na mtaani kila mtu alisema ni Ebola. Maabara ikasema ni Marburg, ndugu wa karibu wa Ebola, asiye na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa.

Januari 30, 2025, Kampala ikatangaza tena. Safari hii sauti haikunitangulia. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa shangazi, saa mbili usiku: "Mwanangu, hii ni ya Zaire au ya Sudan?" Nikafungua tangazo la wizara yao, nikasoma hadi mwisho, nikamwandikia: ya Sudan. Vitenge vya mwezi ule hakuvifuata.