Bwana Msa na kiko cha kuazima

Shutuma hii ni ya zamani: Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla, ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, aliyevishwa kanzu. Kiko anacho, na rafiki yake Najum yuko pembeni akishangaa kama Watson, rafiki wa Holmes. Ufanano huo haukanushiki, na anayetaka kututhibitishia kwamba mwandishi huyu wa Unguja hakumjua Conan Doyle, aliyemtunga Holmes, anajisumbua bure.

Ila kuazima si kugeni kwetu. Katika takhmisi, mshairi huchukua ubeti wa mwenzake wenye mishororo miwili, akautangulizia mitatu yake yenye kina cha ule wa kwanza, ikawa mitano. Mishororo ya yule mwenzake haiguswi. Hapo hakuna anayeuliza kama umeazima. Kinachotazamwa ni kiungo, pale mshororo wa tatu unapokutana na wa nne. Maana ikikatika hapo, umeharibu shairi la watu.

Kiungo cha hadithi ya upelelezi ni dalili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, mahali ambapo wengi wana jibu tayari, kwamba ni mzimu uliomuua, hata kabla mpelelezi hajawasha kiko. Wajuzi watakumbusha kwamba Doyle naye alitisha watu kwa kitabu chake cha 1902 cha mbwa wa laana huko Dartmoor, Uingereza. Sawa, lakini laana ile ilikuwa ya ukoo mmoja wenye mali. Mzimu ni wa wote, una ubani na nadhiri zake, na kuuhoji ni kuwahoji wazee.

Wanaoiga vibaya (nao ni wengi) huteleza kwenye dalili hizohizo. Chukua nyayo kwenye theluji, zinazoweza kukaa usiku kucha zikisubiri polisi. Mwandishi akizihamishia pwani kwa kubadili neno tu, theluji ikawa mchanga, hadithi inavuja: toka maji kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, na bahari haimngoji mpelelezi. Anayejua kuazima angeanzia hapohapo. Nyayo zilizokutwa asubuhi chini ya alama ya maji kujaa ni za mtu aliyepita baada ya maji kuanza kutoka. Basi shahidi anayeapa kwamba ni za jana jioni, kabla hayajajaa, anadanganya. Dalili ya namna hiyo Holmes wa London asingekuwa na haja nayo.